Orodha ya maswali au kutoka nje ya ukurasa? Njia za kuwafundisha wanafunzi wa Goma kupima habari za intaneti

Mwalimu wa sekondari hapa Goma anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake kutafuta habari kwenye intaneti ana njia nne za kuchagua. Ya kwanza ni orodha ya maswali: mwanafunzi anafungua ukurasa, anajibu maswali juu yake, kisha anautolea alama. Ya pili ni kutoka nje ya ukurasa: kabla hajausoma, anakwenda kuuliza kwingine ni nani aliyeuandika. Ya tatu ni maktaba iliyopakuliwa, inayosomwa bila mtandao. Ya nne, ambayo wanafunzi wamekwisha kuichagua bila kutuuliza, ni kuiuliza akili mnemba.

Nazilinganisha nikiwa na darasa la kawaida la huku kichwani: wanafunzi sitini, simu tatu au nne zenye chaji, mega za intaneti za kuhesabu, umeme wa kuvizia. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji apime hoja akijua ninakoelekea. Ukiwa na nafasi ya kufundisha njia moja tu muhula huu, fundisha ya pili. Nyingine zina mahali pake, na moja kati yake ndiyo ninayoiona bora kwa watoto wadogo, lakini njia ya pili ndiyo inayomwachia mwanafunzi kitu atakachokitumia kesho asubuhi kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia yake.

Orodha ya maswali

Hii ndiyo njia kongwe, na ndiyo tuliyofundishwa walimu wengi. Orodha inayojulikana zaidi ilitoka kwa wakutubi wa Chuo Kikuu cha California State, Chico, nchini Marekani, mwaka 2004. Ina vipengele vitano: habari ni mpya kiasi gani, inahusiana vipi na swali lako, mwandishi ana mamlaka gani, yaliyosemwa ni sahihi kiasi gani, na yameandikwa kwa kusudi gani. Chini ya kila kipengele kuna maswali madogo madogo, na ukiyajumlisha yote yanajaza ubao.

Faida zake zinaonekana haraka. Unaiandika mara moja na darasa zima linanakili. Haihitaji kila kikundi kiwe na simu. Inasahihishika kwa urahisi, na prefe, yaani mkuu wa shule, akiingia darasani anaona kazi imefanyika. Kwa andiko refu kama ripoti, sura ya kitabu au makala ya chuo kikuu, ni chombo kizuri sana, maana andiko la namna hiyo lina jina la mwandishi, lina mwaka, lina marejeo unayoweza kuyafuata.

Kasoro yake kubwa ni kwamba karibu maswali yote unaulizwa ukurasa wenyewe. Unauuliza: wewe ni nani, una mamlaka gani, kusudi lako ni nini? Nao unajibu unavyopenda kujibu. Anayetaka kudanganya anaweka tarehe ya leo, anaandika "Dokta" mbele ya jina, anaweka nembo safi na anwani ya ofisi, na sehemu ya "Sisi ni nani" anaijaza maneno mazuri. Wanafunzi wangu wengi wanaamini pia kwamba anwani inayoishia na .org ni ya shirika la kuaminika. Sivyo. Anwani za .org zinauzwa kwa yeyote mwenye kulipa, sawasawa na za .com. Zinazodhibitiwa ni kama zile za serikali ya Marekani zinazoishia na .gov, na hata hizo hazikuhakikishii kwamba kila sentensi iliyomo ni ya kweli.

Kasoro ya pili ni muda. Kupitisha ukurasa mmoja kwenye orodha nzima kunamaliza kipindi. Mwanafunzi akirudi nyumbani hatafanya hivyo kwa ujumbe wowote, na mimi simlaumu.

Kutoka nje ya ukurasa

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walitoa matokeo ya utafiti ambao kila mwalimu angefaa kuujua. Waliwakalisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wakaguzi wa habari 10, na wanafunzi 25 wa Stanford yenyewe. Moja ya kazi ilikuwa kulinganisha kurasa za mashirika mawili ya madaktari wa watoto. Moja ni American Academy of Pediatrics, iliyoanzishwa mwaka 1930, yenye wanachama makumi ya maelfu. Jingine ni American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Majina yanakaribiana, kurasa zote mbili ni nadhifu. Wengi wa wanafunzi wale waliona kikundi kidogo ndicho cha kuaminika zaidi, na baadhi ya wanahistoria nao walibabaika. Wakaguzi wa habari wote kumi walipatia.

Tofauti haikuwa elimu, kwa sababu wanahistoria walikuwa na elimu zaidi. Tofauti ilikuwa mwendo. Wanafunzi na wanahistoria walibaki kwenye ukurasa, wakausoma kutoka juu hadi chini, wakatazama nembo na marejeo. Wakaguzi waliutupia jicho, wakauacha, wakafungua madirisha mengine na kuuliza: watu wengine wanasemaje juu ya shirika hili? Walisoma kidogo zaidi na kwa haraka zaidi, na bado wakajua mengi zaidi.

Mwaka 2019 Mike Caulfield, mwalimu mwingine wa Marekani, aliupanga mwendo huo katika hatua nne, nami ndizo ninazoziandika ubaoni: simama; chunguza chanzo; tafuta habari bora zaidi juu ya jambo lilelile; fuatilia mpaka mahali lilipoanzia. Hatua nne zinakaa kichwani mwa mtoto. Maswali ishirini na tano hayakai.

Kuna faida nyingine ambayo watafiti wa nchi tajiri hawana haja ya kuitaja, nasi tunayo haja nayo. Ukurasa wa matokeo ya utafutaji ni maandishi karibu matupu, kwa hiyo unakula mega kidogo. Tovuti yenyewe, yenye video inayojifungua na matangazo pembeni, inakula nyingi. Mwanafunzi anayetafuta jina la shirika kwanza, akasoma mistari miwili mitatu chini ya kila tokeo, mara nyingi amekwisha kupata jibu kabla forfe (kifurushi cha mega) ya mama yake haijaisha.

Ujumbe mmoja kwa njia zote mbili

Kila aliyekuwa Goma Mei 2021 anakumbuka. Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji, ililipuka jioni ya tarehe 22, lava ikaja kusimama Buhene kwenye ukingo wa mji, matetemeko yakaendelea siku baada ya siku, na tarehe 27 wenye mamlaka wakaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Watu wakajazana barabara ya Sake, wakapanda boti za Bukavu, wakavuka mpaka kwenda Rwanda. Simu zikajaa sauti na maandishi: mlima utatema tena, ziwa litalipuka, fulani amesema.

Kwa zoezi la darasani natunga ujumbe wa aina hiyo. Nawaambia wanafunzi tangu mwanzo kwamba nimeutunga mimi, hairuhusiwi kuupiga picha, na karatasi zote nazikusanya kabla kengele haijalia. Mwalimu anayetaka kuliiga zoezi hili asipuuze sharti hilo, kwa sababu karatasi moja ikitoka nje inaweza kuwahamisha watu. Ujumbe unasema hivi: "ONYO! Profesa mmoja wa jiolojia amethibitisha kwamba gesi ya Ziwa Kivu italipuka usiku wa leo, kama ilivyotokea Nyos mwaka 1986 ambako watu 1,700 walikufa. Watumie wote unaowapenda."

Vikundi vya orodha ya maswali vinaanza kazi. Habari ni mpya? Inasema leo, alama kamili. Inatuhusu? Kamili. Mamlaka? Ni profesa, ingawa hana jina, basi nusu. Ni sahihi? Wanatafuta Nyos na kukuta ni kweli: usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 ziwa hilo la Kamerun lilitoa gesi ya ukaa kwa wingi, na watu wapatao 1,700 wakafa. Alama kamili. Kusudi? Kuonya watu, na hilo ni kusudi jema. Jumla, nne na nusu juu ya tano. Uvumi umefaulu mtihani, na waliousahihisha hawakufanya uvivu wowote. Walifuata maelekezo.

Vikundi vya njia ya pili vinaacha ujumbe mezani na kwenda kutafuta. Kwa habari za Kivu nawashauri waanze kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiko yaliko mengi: "lac Kivu gaz lave 2002". Wanakuta kwamba ziwa lina gesi kweli, takriban kilomita za ujazo 300 za gesi ya ukaa na 60 za methani, na kwamba sehemu kubwa imelala chini ya mita 250 hivi. Wanakuta kwamba tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji na kuingia ziwani, wataalamu wakapima baadaye, na tabaka za gesi za chini zilikuwa hazijavurugika. Wanakuta kwamba mwaka 2021 lava haikulifikia ziwa. Kisha wanamtafuta profesa. Hana jina, hana chuo, na hakuna tangazo la kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, linalosema alichosema.

Mwaka jana binti mmoja wa mwaka wa tatu aliliandika jibu la kikundi chake kwa maneno ambayo sikuyabadilisha: "Gesi ni ya kweli. Nyos ni ya kweli. 'Usiku wa leo' haina mwenyewe."

Hilo ndilo linalonifanya niipende njia hii kwa mji huu hasa. Uvumi wa Goma mara chache ni uongo mtupu. Umechanganywa na mambo ya kweli, na mtu anayepima kipande kimoja kimoja ndani ya ujumbe atakuta vingi vinapita. Anayetoka nje anakiona kile kimoja ambacho hakuna mtu yeyote anayekibeba. Nawaambia pia waziwazi kwamba si kazi ya mwanafunzi kutangaza ziwa ni salama. Wenye vipimo wapo. Amri ya kuhama ikitolewa na wenye mamlaka, unahama, na upimaji wa habari unausubirisha. Kazi ya mwanafunzi ni kujua kipi ana haki ya kukituma kwa wengine na kipi hana.

Pale njia ya pili inapokwama

Inakwama mahali kadhaa, na anayeichagua ajue.

Kwanza, matokeo kumi yanaweza kuwa chanzo kimoja kilichonakiliwa mara kumi. Tovuti nyingi za habari za huku zinachukua taarifa ileile na kubadilisha kichwa. Mwanafunzi anaona kumi na kusema "wote wamekubaliana". Hapa hatua ya nne ndiyo dawa: fuatilia mpaka ilipoanzia. Tazama ipi ina tarehe na saa ya mapema, ipi inamtaja mtu aliyehojiwa, ipi inasema "kwa mujibu wa". Kwa mambo ya Kivu nawapeleka mara nyingi kwa Radio Okapi, redio iliyoanzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Hirondelle, na kwa ReliefWeb, hazina ya ripoti za misaada iliyopo tangu 1996. Ukiandika "site:reliefweb.int Goma" kwenye Google, bila nafasi baada ya nukta mbili, unapata ripoti za humo tu. Kwa habari za uongo zinazozunguka nchini mwetu kuna Congo Check, iliyoanzishwa mwaka 2018 na waandishi wa habari Wakongomani.

Pili, vyanzo vizuri vinaweza kupingana. Mlipuko wa tarehe 10 Januari 1977 ni mfano ninaoupenda. Ziwa la lava lililokuwa juu ya mlima lilimwagika kwa muda usiozidi saa moja, na watu wakafa. Ni wangapi? Kurasa moja zinasema makumi, nyingine mamia, na huzikuti zikielezana. Mwanafunzi aliyezoea maswali yenye jibu moja, kama yale ya Eksetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, anataka nimwambie ipi ni sahihi. Namfundisha kuandika kwamba idadi zinatofautiana, atoe ya chini na ya juu, na aseme kila moja kaitoa wapi. Walimu wengine huona huko ni kukimbia swali. Mimi naona ni uaminifu, na natoa alama zote.

Tatu, kuna mambo ambayo intaneti haijayaandika. "Mwalimu, na kama ni habari ya Ndosho tu?" Ndosho ni mtaa wa hapa Goma. Swali hilo huulizwa kila mwaka, na linastahili jibu la kweli. Kama barabara imefungwa Ndosho, au mgonjwa wa kipindupindu ameonekana kwenye avenyu fulani, Google haina la kukuambia. Unampigia shangazi anayekaa pale. Unamuuliza shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, unamuuliza muuguzi wa kituo cha afya. Halafu unaandika umemuuliza nani na lini, kama unavyofanya kwa tovuti. Wanafunzi wanashangaa kusikia kwamba simu kwa shangazi ni utafiti. Ni utafiti, ikiwa shangazi ameona kwa macho yake. Akiwa naye amepokea ujumbe uleule, hujatoka nje ya ukurasa bado.

Nne, njia hii inataka mtandao, na mtandao hauko kila siku. Hili ndilo pingamizi ninalosikia zaidi kwa walimu wenzangu, na ndilo jepesi kulitatua. Ukiwa na mtandao jioni, andika swali kwenye Google, piga picha ya ukurasa wa matokeo, ipeleke kwa mtu wa fotokopi, toa nakala kumi na tano. Kila kikundi cha wanafunzi wanne kinapata karatasi moja. Swali ni moja tu: mngefungua lipi kwanza, na kwa nini?

Zoezi hili la karatasi ndilo linalozaa mabishano mazuri kuliko yote. Karatasi ina matokeo kama manane. Juu kabisa kuna neno dogo linalosema kwamba ni tangazo la kulipiwa, na vikundi vingi havilioni. Chini yake kuna Wikipedia. Kisha blogu isiyo na jina yenye kichwa cha kutisha. Kisha gazeti la nje, tarehe ya 2002. Kisha ripoti ya PDF ya chuo kikuu. Mwanzoni wanafunzi wanachagua la kwanza kwa sababu ni la kwanza. Baada ya vipindi viwili wanaanza kuweka kidole kwenye anwani ndogo iliyo juu ya kila kichwa, kisha kwenye tarehe, kisha kwenye ile mistari miwili ya maelezo. Wakaguzi wa habari wa ule utafiti wa Stanford nao walifanya hivyohivyo: walitazama matokeo yote kabla ya kubonyeza hata moja. Kwa hiyo sehemu yenye thamani kuliko zote katika njia hii inafundishika kwa karatasi, bila mega hata moja.

Maktaba iliyopakuliwa

Kiwix ni programu ya bure, iliyoanza mwaka 2007, inayokuwezesha kubeba Wikipedia nzima kwenye kadi ya simu au kompyuta na kuisoma bila mtandao. Kuna pia Vikidia, ensaiklopidia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa watoto wa miaka 8 hadi 13. Shule yenye kompyuta moja ndogo kama Raspberry Pi inaweza kuigawa maktaba hiyo kwa Wi-Fi ya darasani, simu zote zikasoma kwa pamoja bila kulipia mega. Kupakua kwa mara ya kwanza ndiko kazi, maana mafaili makubwa ni gigabaiti nyingi. Ombeni shule au ofisi ya shirika yenye mtandao mzuri iwapakulie.

Kwa watoto wa mwaka wa saba na wa nane hili ndilo chaguo langu la kwanza. Katika umri huo mtoto anahitaji kwanza kujua namna ya kuuliza swali, kuchagua maneno ya kutafutia, kusoma utangulizi kabla ya kurukia picha, na kuandika kwa maneno yake. Hayo anajifunza bila kukutana na uchafu wa mtandao ulio wazi. Mzazi pia hana wasiwasi.

Ila haimfundishi kutilia shaka. Ndani ya maktaba kila kitu kimepangwa, hakuna tangazo, hakuna tapeli, na habari zimesimama siku ile mliyopakua. Mtoto aliyelelewa humo tu, siku akifungua intaneti yenyewe, anaisoma kana kwamba nayo ni maktaba.

Swali la Wikipedia linaingia hapa. Walimu wengi wa Goma wanaipiga marufuku. Najua kwa nini, na bado siungani nao. Ukiipiga marufuku, mwanafunzi anainakili vilevile na anaficha. Iruhusu iwe mlango: asome makala, ashuke chini kwenye marejeo, achague mawili, ayatafute, na aandike hayo kwenye kazi yake. Atakayenukuu Wikipedia peke yake anapoteza alama. Atakayeipitia kwenda mbele anazipata. Kwa marejeo ya Kifaransa yanayosomeka bure kuna Persée, HAL na OpenEdition, na mwanafunzi wa chuo anayeandika TFC, kazi ya utafiti ya kumalizia masomo, hana kisingizio cha kutozijua.

Akili mnemba

ChatGPT ilitolewa Novemba 2022, na sasa wanafunzi wanaiuliza kabla ya kumuuliza mwalimu. Siifukuzi darasani. Inaeleza vizuri Kifaransa kigumu kwa maneno mepesi, inasaidia kupata maneno ya kutafutia, inarekebisha sentensi. Kama mwalimu wa ziada wa lugha, inafaa.

Kama chanzo, haifai. Inaandika sentensi zinazofanana na ukweli, na inapokosa marejeo inaweza kuyatunga: mwandishi, kichwa, jarida, mwaka, hata kurasa. Mwaka 2023 huko New York wanasheria wawili walipeleka mahakamani hoja zenye kesi sita ambazo hazikuwahi kuwepo. ChatGPT ndiyo iliyozitunga, nao hawakuzitafuta kwingine. Walitozwa faini ya dola 5,000. Waliokosea ni watu wazima wenye taaluma, kwa hiyo sioni ajabu mtoto wa miaka kumi na sita akinaswa.

Orodha ya maswali hapa haisaidii chochote, kwa kuwa jibu la mashine halina ukurasa, mwandishi wala tarehe ya kuuliza. Kutoka nje ndiko kunakobaki. Sharti langu ni moja: kila rejeo lililotolewa na mashine litafutwe kwenye Google Scholar au kwenye katalogi ya maktaba, na lisipopatikana lifutwe pamoja na sentensi iliyolitegemea.

Picha

Picha zinafuata mwendo uleule, kwa hiyo sizirefushii. Google Lens inatafuta picha ilikowahi kutokea, na TinEye inaweza kuzipanga kuanzia ya zamani zaidi. Lakini jicho la mtoto wa Goma ni chombo pia. Ukimwonyesha picha ya lava ikimeza gari kwenye lami pana yenye mistari ya njano na majani mabichi pembeni, mwache aitazame nyumba. Nyumba zetu za mbao juu ya mawe meusi anazijua. Mwenyewe atasema "hapa si kwetu", na ukitafuta unaweza kukuta ni Kilauea, Hawaii, mwaka 2018. Picha za maiti na za watu wanaoshutumiwa kwa majina hatuzipimi kabisa darasani, wala hatuzitumi kwingine, ziwe za kweli au za uongo. Mtu anaweza kupigwa na umati kabla ukaguzi haujaisha.

Uchague ipi

Mwaka wa saba na wa nane: maktaba iliyopakuliwa, na zoezi la karatasi ya matokeo mara mbili kwa muhula.

Humanite (sekondari ya juu) mwaka wa kwanza hadi wa tatu: kutoka nje ya ukurasa, kipindi baada ya kipindi, kwa kutumia uvumi wa kutungwa, matangazo ya kazi za uongo na ya ufadhili wa masomo. Hayo mawili ya mwisho yanawagusa zaidi, kwa kuwa kaka na dada zao wanalipishwa "ada ya fomu" na watu wasiojulikana. Shuleni hamna mtandao kabisa? Bado chagua njia hii, kwa fotokopi.

Mwaka wa nne na wanaoingia chuo: endelea na njia hiyo, kisha ongeza orodha ya maswali. Wakati huo wana maandiko marefu mbele yao, wamekwisha kujua aliyeyaandika ni nani, na maswali ya kusudi, usahihi na upya yanapata mahali pa kufanyia kazi. Orodha ikija ya pili ni msaada. Ikija ya kwanza inawapa uhakika wasioustahili.

Akili mnemba: mwaka wa tatu na kuendelea, mwalimu akiwepo, na kamwe isiandikwe kwenye marejeo kana kwamba ni kitabu.

Kuhusu alama, nagawanya kati kwa kati. Nusu ni jibu, nusu ni njia: maneno aliyotafutia, alichokifungua na alichokiacha, aliyemuuliza, tarehe. Mwanafunzi anaandika njia hiyo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, apendavyo. Aliyefikia jibu lisilo sahihi kwa njia safi anapata zaidi ya aliyenakili jibu sahihi asijue limetoka wapi, na wazazi wakija kulalamika nawafungulia ule ukurasa wa mwisho wausome.